Mlinzi wa Mlango wa Jumba la Bikari

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku tu wazima, ila mafua yanatuzungukia mmoja mmoja kwa zamu, na leo zamu ni yangu. Shemeji yako amehamishiwa stoo kubwa, jioni anarudi na vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Binti yangu mkubwa ameota meno ya mbele na sasa anacheka ovyo ili yaonekane. Mdogo wake bado anakuita "mjomba wa ukutani" kwa sababu ya ile picha yako, nami nimechoka kumsahihisha. Paa la chumba chako cha zamani lilikuwa linavuja, tumeliziba, lakini harufu ya ukungu imegoma kutoka. Jirani yetu muuza mkaa anakusalimu na kuuliza kama huko mnawasha moto au mnabonyeza kitufe. Nimemwambia nitakuuliza.

Ninalotaka kukuandikia hasa ni habari ya Jumba la Bikari. Najua ukiliona jina hilo utataka kuikunja barua, lakini nivumilie, huu ni ukurasa mmoja tu. Wanalifunga. Chama chao hakiwezi kufungua mkutano bila watu saba, na waliobaki hawafiki saba hata ukiwatia na wale wasioweza tena kupanda ngazi. Fundi saa, yule wa karibu na posta ambaye ndiye mkubwa wao, alikuja mwenyewe nyumbani kumwambia Baba. Alivua kofia, akaanza kuzunguka mbuyu, akaongelea mvua, akaongelea bei ya vioo vya saa. Baba akamwachia mpaka akaishiwa. Kisha akamuuliza, "Na mlango utakabidhiwa nani?" Fundi saa akaivaa tena kofia yake.

Sasa ofisi ya majengo ya mji imewataka waandike historia ya jumba, ili ijulikane kama ukuta wa mbele ubakizwe au lote libomolewe. Wazee wamekubaliana kwamba anayelijua jengo lile kuliko wote ni Baba. Lakini macho ya Baba hayashiki tena mstari. Basi yeye anasema, mimi naandika, kila siku baada ya kazi, pale kwenye meza ya jikoni. Nimemuuliza, "Haya mambo si ya siri?" Akaniambia, "Matofali hayana siri, andika." Ungemsikia anavyoeleza mbao za sakafu, utadhani anaeleza watoto wake. Wakati mwingine naona wivu kwa zile mbao.

Baba ana kikohozi kidogo, usitie wasiwasi. Hajakuulizia kwa mdomo. Ila jana nilimkuta amesimama kwenye mlango wa chumba chako, kwa muda mrefu, akijifanya anakagua bawaba. Bawaba zile ni nzima, amezifunga mwenyewe. Je, huwezi kuja mwaka huu? Hata kwa likizo fupi?

Dada yako.

17 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeikuta chini ya mlango ikiwa na alama ya kiatu cha mtu, lakini imesomeka yote. Nafurahi mu wazima. Mimi sijambo. Kazi ni ileile ya lifti. Juzi nilimtoa bibi mmoja aliyekwama katikati ya ghorofa mbili, akanipa pipi, kisha akanilaumu kana kwamba mimi ndiye niliyemnasa. Mwambie muuza mkaa kwamba ni kitufe, na kitufe nacho huharibika, na hapo watu hukaa na makoti yao ndani ya nyumba wakimtukana aliyekibuni. Huyo mtoto wa meno mpe busu kwa niaba yangu. Yule mwingine mwambie mjomba wa ukutani anamsalimu.

Dada, usiniandikie tena habari za jumba lile. Nakuomba kwa heshima zote. Tulipokuwa wadogo wenzetu walikuwa wanavuka barabara ili wasipite chini ya ile bikari na skwea ya fundi zilizochongwa juu ya mlango, wakituona sisi wanakaa mbali. Wakasema ndani kuna majeneza, kuna nyoka anayelishwa, kuna watu wanaouza watoto wao wapate utajiri. Nilipigana ngumi kwa ajili hiyo, wewe ndiye uliyenifuta damu. Na huo utajiri ulikuwa wapi? Baba alikuwa na karakana ya useremala na suruali mbili. Nilikuwa nawaambia, kama baba yangu kauza nafsi, basi kapunjwa.

Hayo yote niliyameza. Lile ambalo sikulimeza unalijua. Tulipokwenda kwao yule binti kuomba uchumba, nilikaa karibu na mlango nimevaa shati ulilonipigia pasi. Baba yake, Mzee Mashine, yule mwenye mashine ya kusaga nafaka, hakungoja hata chai ipoe. Akamuuliza Baba mbele ya watu wote, "Nimesikia wewe ni mtu wa Jumba la Bikari. Ni kweli au unasingiziwa?" Baba akasema, "Ni kweli." Akauliza, "Na humo ndani mnafanya nini?" Baba akasema, "Mimi kazi yangu ni mlango." Watu wakacheka. Mzee Mashine hakucheka. Akasema, "Utaacha?" Baba alimtazama. Alimtazama mpaka baba mdogo akaanza kukohoa kwa aibu. Kisha akasema, "Siwezi." Na yule mzee akasimama, akasema hatachanganya damu yake na watu wa shetani, na binti yake nilimsikia analia chumba cha pili.

Siku hiyo nilimwomba Baba neno moja tu. Njia nzima ya kurudi nilimwomba. Angesema ataacha, hata kwa uongo. Angejitetea, angewaambia wanafanya nini humo, angegombana, angetukana, chochote. Alinyamaza. Tulipofika akaingia karakana akaanza kupiga randa ubao ambao ulishapigwa randa. Alichagua mlango wa watu akaacha mwanawe. Hivyo ndivyo nilivyoona na ndivyo ninavyoona.

Wasalimie wote.

Mdogo wako.

9 Aprili

Mdogo wangu kichwa ngumu,

Marahaba. Barua yako imefika salama na tumeifurahia, angalau ile nusu ya kwanza. Muuza mkaa amesikia habari ya kitufe kuharibika na amekuwa na furaha wiki nzima. Shemeji yako ameumia kidole kwa kuangushiwa boksi, anatembea akilalamika kama mjamzito. Mtoto wa meno amevunja kioo cha dirisha la jirani na anasema ni upepo.

Umeandika "wasalimie wote." Nilipomsomea Baba barua, niliruka katikati nikaenda moja kwa moja mwisho. Akauliza, "Wote ni nani?" Nikasema, "Sote." Akasema, "Aha."

Umesema nisikuandikie habari za jumba, lakini kwa sasa sina habari nyingine, maana kila jioni nalala na matofali kichwani. Basi sikiliza kidogo. Lilijengwa na wageni, makarani na wahandisi waliokuja na reli. Waliogopa joto na waliogopa macho ya watu, kwa hiyo ukumbi hauna dirisha hata moja. Yale madirisha unayoyaona upande wa barabara ni ya uongo, ni plasta iliyochongwa na kupakwa rangi ya mbao. Sisi tulivyokuwa tunajibanza pale tukitafuta upenyo wa kuchungulia! Ndani sakafu ni ya vigae vyeusi na vyeupe, na viti vimezunguka kuta zote, katikati patupu. Baadaye wageni wakaondoka, wenyeji wakakubaliwa, walimu, matabibu, mafundi. Kisha serikali ikakifungia chama na jumba likawa ghala la mbegu. Miaka yote hiyo ufunguo ulikuwa kwa Baba, ndani ya bati la misumari. Waliporudishiwa jumba lao, panya walikuwa wamekula mazulia yote.

Unajua Baba aliingiaje? Sikujua mpaka juzi. Mlango wa ukumbi ulikuwa unavimba kila mvua zikinyesha, wakamwita autengeneze. Aliutengeneza akaondoka, hakuuliza bikari ni ya nini wala kwa nini hakuna dirisha. Wakamwita tena kwa viti, hakuuliza. Wakasema huyu ndiye mtu tunayemtaka. Na kazi waliyompa ni ya kusimama nje. Kila mkutano, wenzake wakiwa ndani, yeye amesimama nje ya mlango wa ukumbi na upanga mkononi, upanga butu ambao hata embe haukati, anahakikisha anayeingia ni mwenzao. Kwa hiyo hakuwa anawadanganya kina Mzee Mashine. Ndani ya ukumbi amefika siku aliyopokewa, na siku za kufagia. Mikutano yenyewe ameisikia kwa upande wa pili wa mbao. Anachokijua yeye kuliko wote ni nyuso. Kila uso ulioingia mle umepita mbele yake, wa mlango wa mbele na wa mlango wa nyuma, kwa maana walikuwepo waliopitia uchochoro wa kiwanda cha chapa, kola zimepandishwa.

Nilimuuliza kuhusu siku ile. Niliweka kalamu chini nikamuuliza waziwazi, kwa nini hukumjibu mtu yule, kwa nini ulimwacha mtoto aondoke na donge lile? Akainyoosha karatasi yangu kwa kiganja. Kisha akasema, "Kuna mambo si yangu kuyasema." Nilikasirika, mdogo wangu. Nilimwambia basi na historia yake aandikiwe na paka. Nikatoka nje nikafua nguo zilizokuwa safi. Kwa hiyo usidhani uko peke yako na hasira zako.

Tulikwenda hospitali kwa ajili ya kile kikohozi. Wamesema apumzike na asivute vumbi la mbao. Karakana nimeifunga, yeye anaizunguka kwa nje. Njoo, mdogo wangu. Sisemi zaidi ya hapo.

Dada yako.

30 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Tumekuwa na jengo jipya lenye lifti nane na kila moja ina kiburi chake. Mimi mzima. Pole kwa shemeji na kidole chake. Kile kioo, mwambie mtoto kwamba mjomba wake naye aliwahi kuvunjiwa vioo na upepo.

Apumzike maana yake nini? Wamempa dawa gani? Umeandika mistari miwili tu, wakati viti na mazulia umeyapa ukurasa mzima.

Kazini hawaniruhusu kabla ya Desemba. Nimeshaomba. Desemba nitaona.

Nimetuma kifurushi. Kuna viatu vya watoto, kitambaa chako, na mkanda wa shemeji. Kuna sweta moja la kijivu, kubwa kidogo. Litakayemwenea alivae. Huku kwetu vifua vinalindwa kwa sufi, sijui huko.

Wasalimie wote.

Mdogo wako.

2 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini telegramu ilikufikia kabla ya barua hii. Kama haikufika, basi kaa chini kwanza. Baba yetu hatunaye. Alifariki asubuhi, nimemshika, baada ya kunywa uji nusu kikombe na kuulalamikia kuwa hauna sukari. Nilitaka kukuandikia siku ileile, lakini kila nikishika kalamu mkono ulikuwa unaanza kuandika habari za jengo, kwa mazoea. Sasa naweza.

Nilikuficha hali yake, na sababu ni kwamba aliniomba. Alisema, "Usimlete kwa kumtisha." Nilimtii, na sasa sijui kama nilifanya vyema. Nisamehe kama unaweza, usipoweza nitaelewa.

Sweta lilifika. Akaliona juu ya meza, akauliza, "Hili la nani?" Nikamwambia limetoka kwako. "Ameandika ni la nani?" Nikasema hukuandika, umesema litakayemwenea. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Na yeye anajua kunyamaza." Akalivaa. Kulikuwa na joto la kuchemsha mtu, akakaa nalo, hakukubali nilifue. Tumemzika nalo.

Watu wa kumzika walikuwa wachache. Unaujua mtaa wetu. Waliokuja walisimama mbali na kaburi, na wawili kati ya waliopangwa kubeba jeneza walipatwa na maumivu ya mgongo ghafla. Shemeji yako na muuza mkaa walishika nafasi zao. Fundi saa alikuja na mwalimu mmoja mstaafu, wote wamevaa glavu nyeupe zilizogeuka njano. Wakamvuta baba mdogo pembeni. Waliomba aproni nyeupe ya Baba iwekwe juu ya jeneza, kama wanavyofanyiana. Baba mdogo akakataa, akasema watu watakimbia wote abaki yeye na koleo. Wakaomba basi kila mmoja wao adondoshe kijitawi kibichi kaburini. Hilo akalikubali, kwa kuwa jani ni jani.

Fundi saa akadondosha lake. Mwalimu akadondosha lake. Wakarudi nyuma, baba mdogo akainua mkono ili waanze kufukia. Hapo nikasikia mtu anasema, "Ngojeni."

Alikuwa Mzee Mashine. Sikuwa nimemwona. Amezeeka, anatembea kwa fimbo, na binti yake alikuwa amemshika mkono. Ndiyo, yeye huyohuyo. Nilidhani amekuja kutuonyesha kwamba hakukosea, na nikajiandaa kumtukana palepale kwenye kaburi la baba yangu. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa kijitawi. Akakidondosha vilevile walivyofanya wenzake, mkono ule ule, maneno yale yale ya chinichini. Fundi saa alishusha macho chini.

Kisha akageuka, akatuambia sisi, "Huyu alikuwa ananifungulia mlango wa nyuma kila mwezi. Siku aliyokuja kwangu kumwombea mwanawe binti yangu, nilimuuliza mbele za watu kama yeye ni Frimasoni. Nilimuuliza mimi. Yeye hakunitaja." Binti yake alikuwa amemtazama kwa muda wote huo. Akauachia mkono wake, akaondoka peke yake kupita katikati ya watu, hakukimbia. Yule mzee akayumba. Hakuna aliyemsogelea. Mimi ndiye niliyemshika, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa karibu.

Jioni fundi saa alinieleza. Kwao mtu anaweza kujitaja mwenyewe, lakini mwenzake hawezi kumtaja kamwe, hata kama huyo mwenzake anamtemea mate usoni. Na siku zile watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mashine ile inasaga kwa nguvu za giza. Wateja walikuwa wanahamia mashine ya chini. Mzee Mashine aliogopa, akapiga kelele kuliko wote ili asishukiwe, na akalipigia kelele jambo ambalo Baba angeweza kulizima kwa neno moja. Lile neno ulilomwomba njia nzima. Fundi saa mwenyewe alilijua, na mwalimu alilijua, na wote walinyamaza. Nimemwambia asije tena kwangu kwa muda. Amesema anaelewa.

Nimelia kwa ajili ya Baba, nimelia kwa ajili yako, na kidogo nimelia kwa hasira kwa sababu ameniacha nijue sasa, wakati siwezi kumpikia hata chai ya kuombea radhi. Baba alimtazama Mzee Mashine usoni, akaona atampoteza mwanawe, akasema "Siwezi." Sijui nimwite mwema au nimwite mkatili. Wewe utaniambia.

Dada yako.

21 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sitaulizia wa nyumbani leo, utanisamehe.

Telegramu ilifika. Nilikwenda kazini hivyohivyo, kwa kuwa sikujua mtu aende wapi. Nilipewa lifti ya hospitali moja, nikaitengeneza, nikaingia kuijaribu, nikafunga mlango na kuizima kati ya ghorofa. Nikakaa humo sakafuni mpaka mwenzangu akaanza kugonga. Barua yako ilikuja baadaye. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nikifika kwenye sweta naiweka chini.

Umeniuliza kama ni mwema au mkatili. Sijui, dada. Nimekaa miaka yote hii nikimchukia mtu aliyekuwa anaumia kuliko mimi, halafu yule niliyepaswa kumchukia ndiye niliyemsalimu kwa adabu nikitoka kwake. Nilimpa mkono, unakumbuka? Nimejaribu kumkasirikia Baba upya, kwamba angenivuta pembeni aniambie mimi tu. Ningeitunza siri hiyo. Halafu najiuliza kama kweli ningeitunza, na nikiwa mkweli, ningekimbia usiku uleule kwenda kuipiga kelele dirishani kwa yule mzee. Alinijua.

Nina swali moja na usinifiche kama ulivyonificha ugonjwa. Miaka yote hii, aliwahi kunitaja? Siku za mwisho aliniita? Niambie ukweli hata kama ni hapana.

Mdogo wako.

18 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, nikuambie hata kama hukuuliza.

Umetaka ukweli. Hapana. Humu ndani hakuwahi kulitaja jina lako tangu ulipoondoka, na siku za mwisho hakukuita. Aliniita mimi, akamwita marehemu Mama, akaita randa yake. Niliiandika sentensi hii mara tatu nikijaribu kuilainisha, na nimeiacha ilivyo.

Fundi saa nimemruhusu kuja. Aliketi pale pale alipoketi mwanzo, na leo hakuzunguka mbuyu. Historia ya jumba tumeimaliza, ofisi ya mji imeipokea. Ukuta wa mbele utabaki, ndani patakuwa ukumbi wa harusi. Wameshatoboa yale madirisha ya uongo. Watu walijazana barabarani siku hiyo kungoja majeneza na nyoka, wakaona chumba kitupu kina viti. Walikaa kidogo, wakatawanyika.

Kabla hajaondoka nilimuuliza swali lako. Mwanzo alisema hajui. Kisha akaniambia kitu ambacho kilikuwa hakimo kwenye historia, kwa maana Baba hakunisimulia. Baada ya kila mkutano walikuwa wanakula pamoja, na mlinzi wa mlango naye alikuwa anaitwa chumba cha chakula ale nao. Watu wakishainua glasi kwa wakubwa na kwa wageni, ya mwisho kabisa si ya mkubwa wao. Ni ya mlinzi wa mlango. Yeye ndiye anayesimama kuwatakia mema wenzao wote walio mbali na walio katika dhiki, popote walipotawanyika, bara na bahari, wapate nafuu haraka, na warudi kwao salama, wakipenda.

Fundi saa anasema zamani Baba alikuwa anayasema maneno hayo mbiombio, kama mtu anayewahi kazi, na walikuwa wanamtania. Tangu ulipoondoka, alikuwa anafika kwenye "warudi kwao salama" anasimama. Anakaa kimya glasi ikiwa juu, na wao wote glasi zao juu, mikono inachoka, hakuna anayethubutu kumharakisha. Mzee Mashine naye amekaa pale mezani na glasi yake juu. Kisha Baba anamalizia neno la mwisho, anakunywa, anaketi. Kila mwezi, mpaka mwezi waliofunga.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Harufu ya ukungu imepungua. Njoo Desemba, mdogo wangu, ukipenda.

Dada yako.